Kabla ya Filimbi

Mbio za mita 100 ni fupi, lakini sehemu ngumu kuliko zote ni ile ambayo hapana akimbiaye. Ni kitambo kilicho baina ya neno "Tayari" na ishara ya kuondoka. Vidole vimegusa ardhi nyuma ya mstari, kiuno kimeinuka, pumzi imezuiwa. Ajongeaye wakati huo ameiba, hata kama alichoiba ni kidogo kama unywele.

Zamani sheria ilikuwa na huruma: kila mkimbiaji alisamehewa kosa la kwanza. Mwaka 2003 msamaha ukawa mmoja kwa wote waliopangwa pamoja. Na tangu mwaka 2010 kosa la kwanza humtoa mtu. Tarehe 28 Agosti 2011, mjini Daegu, Korea Kusini, Usain Bolt, mwenye rekodi ya dunia, alitolewa hivyo katika fainali. Mpira wa Kimarekani ni mpole zaidi: mshambuliaji akijongea mapema, timu yake hurudishwa nyuma yadi 5, na mchezo huendelea.

Mwaka mmoja nilikuwa mwanzishaji wa mbio za wanafunzi katika uwanja wa mchanga karibu na Malindi. Sikuwa na mtambo wa kupima mwondoko. Nilikuwa na jicho na filimbi. Nilisema, "Tayari!" Wavulana wakatulia. Mara gari la mgeni likaingia uwanjani, na macho yangu yakalifuata. Niliporudisha macho, mvulana wa mstari wa nne alikuwa amekwisha chupa. Nikamtoa. Akaondoka kimya, nayo ilikuwa fainali yake ya mwisho shuleni.

Jioni alinijia akasema kwa adabu, "Mwalimu, nilingoja sana. Filimbi haikuja."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Mwanzishaji asiyeridhika ana ruhusa ya kuwasimamisha wakimbiaji wote na kuanza upya. Mimi sikufanya hivyo. Niliwaacha wameinama, kisha nikamwadhibu aliyechoka. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Radhi aliipokea, lakini mbio hazikurudi.

Husemwa kuwa haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini ukawiaji wa mwenye filimbi huweza kuzaa haraka ya mwenye mbio. Nawe, msomaji, ikiwa siku moja utashika filimbi, watazame walio mstarini, wala usitazame gari la mgeni.