Vitabu Vilivyoshuka Maili Moja

Maili Moja ilikuwa bado kituo cha mabasi tu, pembeni mwa Barabara ya Morogoro, wakati Tumbi, mwendo wa miguu kutoka hapo, tayari ilikuwa na maktaba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki kujenga mradi mkubwa hapo Tumbi, Kibaha: shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Januari 1970 mradi ukakabidhiwa Tanzania, likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Sisi tuliokua pale mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulidhani kila mji una maktaba. Ni baadaye, nilipopangiwa kazi mikoa ya mbali, ndipo nilipoelewa tulivyopendelewa.

Nyuma ya kila kitabu kulikuwa na karatasi ya mihuri, tarehe juu ya tarehe, kuonyesha kilipaswa kurudishwa lini. Sisi watoto tulichagua vitabu kwa kuitazama hiyo karatasi kwanza. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilikuwa imebandikwa karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza, na kurasa zake za mwisho zimeshonwa kwa uzi mweusi. Ukitaka kuiazima ulijiandikisha, ukasubiri zamu yako, na mkutubi alijua nani anakaa nayo muda mrefu na nani wa kukumbushwa.

Kitabu kile kilitolewa na East African Literature Bureau, sawa na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Ofisi hiyo iliundwa wakati wa ukoloni, mwaka 1948, makao yake Nairobi. Kinachonifanya niikumbuke kwa heshima ni kwamba haikuishia kuchapa. Ilituma vitabu kwa posta, ikasafirisha masanduku ya vitabu hadi kwa watu wasiokuwa na duka la vitabu karibu. Waliokuwa wakiiendesha walielewa kwamba ukimchapa mwandishi na usimfikishe kwa msomaji, kazi umeiacha nusu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilibaki na kile kilichokuja kuitwa Kenya Literature Bureau. Huku kwetu tegemeo likabaki Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966 na kuongozwa na Walter Bgoya tangu mwaka 1972. Ilifanya makubwa, hata kumchapa Walter Rodney, lakini miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Karatasi nayo ilikuwa adimu.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliandika riwaya nzima kwa kalamu kwenye kaunta buku. Akampa kondakta aifikishe kwa mchapishaji mmoja mjini Dar es Salaam. Jibu lilichukua muda mrefu mno, na lilipokuja lilisema mswada umependwa ila karatasi hakuna. Mwalimu hakukata tamaa upesi. Alikuwa na nakala ya pili, na jioni alitusomea sura moja moja barazani kwake, akinamama wakiacha kupeta mchele wasikilize. Mpaka leo naweza kusimulia riwaya ile tangu mwanzo hadi mwisho, na haijawahi kuchapwa.

Wasomaji hawakwenda popote. Walihamia kwenye meza za magazeti pale stendi. Gazeti la Sani lilisomwa kuanzia vichekesho vya Madenge na Lodi Lofa, kisha hadithi. Miaka ya 1990 ikielekea kwisha, magazeti ya Eric Shigongo yakaja na hadithi za mfululizo, na nimewaona wapiga debe wakibishana juu ya mhusika wa hadithi kama wanabishana juu ya Simba na Yanga. Wasomi wengi walizidharau kazi hizo. Mimi siwaungi mkono. Zilimlipa mwandishi na zikamfikia mtu aliyekuwa na shilingi mia tu mfukoni, jambo ambalo mashirika mengi yenye wafadhili hayakuliweza.

Mwaka 1991 serikali ilianza kuwaachia wachapishaji binafsi kazi ya vitabu vya shule. Bgoya akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota. Mwaka huohuo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada, na utaratibu wake naona haujapata sifa unayostahili. Mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa katika shule za msingi, naye akabaki na 2,000 za kuuza. Mwandishi alikuwa na hakika ya kusomwa kabla mashine haijawashwa. Wengi wa waandishi wetu wa vitabu vya watoto walipata nafasi yao ya kwanza hapo.

Siku hizi msaada unakuja zaidi kwa njia ya tuzo. Ile ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, kwa fedha za watengeneza mabati wa Kenya na Tanzania, na washindi wake wa kwanza walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya na Mohammed Ghassani kwa ushairi. Tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu, ikatolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Nilifurahi kweli. Kwa miaka mingi tumeona waandishi wa Kiswahili wakizikwa kwa hotuba nzuri baada ya kuishi kwa shida. Lakini katika tuzo hii fedha si jambo ninaloliangalia zaidi. Naangalia ile nia ya kuchapa kazi za washindi na kuzipeleka shuleni, kwa sababu hapo ndipo masanduku ya zamani na zile nakala 3,000 zinapopata mrithi. Nia hiyo isipotekelezwa kila mwaka, tutakuwa na washindi wanaojulikana ukumbini tu.

Ushahidi ninao hapahapa. Maili Moja ya leo imejaa maduka ya vifaa vya shule, na ukiulizia riwaya unaonyeshwa vitabu vya mitihani. Kuna kijana anayesajili laini za simu karibu na barabara, na usiku anaandika hadithi anazowauzia wasomaji wake kwa WhatsApp, kipande baada ya kipande, wakimlipa kwa simu. Anaandika vizuri, ana wasomaji hadi Kisarawe. Nilipomtajia Dotto Rangimoto wa Morogoro, aliyeshinda Mabati-Cornell mwaka 2017 kwa diwani ya Mwanangu Rudi Nyumbani, hakuwa amewahi kulisikia jina hilo, na Morogoro ni saa chache tu kwa basi. Nikamletea nakala yangu. Amemaliza kuisoma yeye, akaisoma mkewe, wakaisoma wapiga debe wawili, na nilipoiulizia juzi niliambiwa iko kwa fundi cherehani, ambaye ameomba aachiwe hadi mwisho wa mwezi.