Saa tatu asubuhi kwenye kipima mvua

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, mmoja wetu alitoka darasani akaenda kwenye kiuwanja kilichozungushiwa waya nyuma ya ofisi ya walimu. Humo mlikuwa na kipima mvua: mtungi wa chuma uliochimbiwa ardhini, chupa ndani yake, na bilauri nyembamba ya kioo yenye mistari ya milimita. Mwaka 1997 zamu ilikuwa yangu. Baba alifundisha shule ile, juu ya uwanda wa Ufipa, nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Alinionyesha namna ya kuiinua bilauri hadi usawa wa jicho na kusoma maji pale katikati yanapobonyea, wala si pembeni yanapopanda kioo.

Siku moja kavu niliacha nafasi wazi kwenye kadi. Akaniita. "Mwanangu, nafasi wazi maana yake hatukwenda kutazama. Sifuri maana yake tulikwenda, tukakuta hakuna." Mwisho wa mwezi kadi ilitiwa kwenye bahasha kuelekea Dar es Salaam, kwa watu wa hali ya hewa.

Ufipa tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili. Wenzetu wa kaskazini wakikosa vuli, masika yapo mbele yao. Sisi tukikosea kupanda tunangoja mwaka mzima. Ndiyo maana Oktoba kila mtu alikuwa mtabiri. Babu alitazama miyombo ikichipua majani mekundu, akanusa upepo, akahesabu siku. Mwaka ule redio nayo ikaleta neno ambalo hakuna aliyelijua kijijini: El Nino. Baba alichora ramani mavumbini, akaeleza kwamba maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto kupita kawaida. Babu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa anakuja na maji au na jua?"

Baba alikosa jibu. Leo najua kwamba swali lile lilikuwa gumu kweli. El Nino mara nyingi huizidishia mvua pwani na kaskazini ya Afrika Mashariki, na huikausha Zambia na Zimbabwe. Ufipa iko katikati, pale mambo yanapogeukia.

Babu alijiandaa kwa yote mawili. Hakuuza mahindi ya mwaka uliopita, na kihenge cha ulezi hakikuguswa. Mahindi aliyapanda kwa awamu: nusu mvua za kwanza, nusu baadaye. Na alikuwa na ntumba zake, vilima vya duara ambavyo Wafipa huvitengeneza mvua zinapoelekea ukingoni, kwa kufukia majani chini ya udongo yaoze, ili msimu unaofuata vitawanywe na kupandwa ulezi. Kabla ya hapo, juu ya vilima hupandwa maharage. Sijaona kilimo chenye akili kuliko kile: maji yakizidi yanapita kati ya vilima, yakipungua majani yaliyooza yanashika unyevu.

Yalikuja maji. Nakumbuka asubuhi niliyokuta chupa imejaa na kufurika ndani ya mtungi. Ilibidi nipime kwa mafungu na kujumlisha, vidole vikitetemeka kwa baridi. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Nilijaribu kuikokotoa kwa shamba zima la babu, nikaogopa. Barabara ya Tunduma wakati huo ilikuwa ya udongo. Malori yalizama, chumvi na mafuta ya taa vikaadimika dukani. Maharage ya bondeni yalioza. Ya kwenye ntumba tulivuna.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba Septemba ya mwaka uleule wataalamu wa nchi za kusini mwa Afrika walikutana Kadoma, Zimbabwe, kwa mara ya kwanza kuandaa utabiri wa msimu kwa pamoja. Walisema uwezekano wa ukame ni mkubwa. Wengi walisikia kwamba ukame umeshathibitishwa, mikopo ya wakulima ikapunguzwa, na ukame wenyewe haukuwa mkali kama ulivyohofiwa. Hilo bado linaniuma. Utabiri wa msimu hupima uzito wa kila upande, nasi tunausikia kama ahadi.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitutahadharisha tena kuhusu El Nino. Desemba 3 matope ya mlima Hanang yakafukia sehemu za mji wa Katesh. Februari 29 iliyofuata, jirani zetu wa Zambia walitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mvua kupita kiasi upande mmoja, jua upande wa pili, na sisi mpakani.

Wiki ile nilimpigia simu baba. Alistaafu zamani, ila uani ana kopo la bati na rula, na daftari. Nikamuuliza mvua zikoje huko.

"Leo sifuri," akasema. "Subiri, sijaandika."