Ordinatere Ikisimama: Tupime Mbele ya Kuhukumu

Mulisikia habari ya ordinatere ya chumba cha mafundisho, ile inayotumika na Linux na kutuonyesha televizio. Picha ilikuwa inatembea dakika kumi, kiisha yote inasimama: panya haisogei, klavie haijibu. Watu wakasema: «Ni ule mutoto wa mwaka wa tatu aliiharibisha!» Juu alikuwa wa mwisho kuigusa, wazazi wake wakaombwa kulipa.

Sisi wa mwaka wa sita tukaomba juma moja mbele ya malipo.

Kwanza tulikata umeme, tukatoa karti ya televizio. Mashini ikatumika siku mbili bila kusimama. Tukairudisha karti, lakini televizio hatukuifungua: mashini iko muzima. Tukaifungua: ikasimama. Basi ugonjwa ulikuwa pahali picha inapopita, si mikononi mwa mtoto.

Juu ya nini? Karti ile ina chipu Bt878, na programu inayoiongoza inaitwa bttv. Ilikuwa inaandika picha moja kwa moja ndani ya karti ya ekra, bila kupitia kumbukumbu ya mashini. Picha ya nukta 768 kwa 576, baiti 2 kila nukta, mara 25 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 22 kila sekunde. Njia ya PCI inabeba mpaka 133, kwa hiyo njia si nyembamba. Lakini mashini zingine za zamani hazivumilii karti mbili kupashana vitu zenyewe, na yote inaganda.

Tukasoma /proc/interrupts: karti ya televizio na ya sauti ziliita kwa namba moja. Tukaihamisha kwenye tundu lingine, ikasimama tena. Ndipo tukachagua picha ipitie kwanza kumbukumbu. Tangu hapo haijasimama.

Mwenye shida kama hii asibadilishe mambo mawili pamoja, atajuaje lililoponya? Na asikimbilie kukata umeme: ashike Alt na SysRq, afinye S, kiisha U, kiisha B. Kama Linux iko inasikia bado, itaandika kwenye diski vitu vilivyokuwa vinangoja kuandikwa, kiisha itaanza upya.

Wazazi hawakulipa. Lakini mtoto yule alikula peke yake juma nzima, na hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Waliomsema wanajijua. Wamufuate, wamuombe musamaha, mbele ya mitihani ya Serikali kututawanya.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa sita