Jini Mahaba wa Miaka 500



Yapo mambo mazito ambayo mwanadamu huyafikia kwa njia ya kicheko tu. Juma hili tulitembelewa na rafiki yetu wa tangu seminari ndogo, ambaye sasa ni mwalimu na baba wa familia. Mkononi alikuwa na kitabu kinene alichokikuta chini ya mto wa binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu: A Court of Thorns and Roses, riwaya ya Mmarekani Sarah J. Maas iliyotolewa mwaka 2015. Alikuwa amekisoma chote kwa siku tatu, kwa nia, alivyosema, ya kupata sababu za kutosha za kukichoma.

“Padre, viumbe hawa wa humu tuwaite nani kwa Kiswahili?”

Tulimjibu kwamba kamusi zetu zina neno kichimbakazi. Akatikisa kichwa. “Kichimbakazi ni kitu kidogo. Huyu bwana Tamlin ana jumba, ana misuli, na vita vya miaka 500 iliyopita vilimkuta akiwa tayari amezaliwa. Naye anapendana na msichana wa miaka 19! Kwetu huyu ni jini mahaba.”

Tulimuuliza posa ya namna hiyo ingepokelewaje. Alifikiri kwa uzito wa mshenga. “Shida ni salamu, Padre. Baba mkwe ndiye angepaswa kumwamkia mkwewe shikamoo.”

Tulipofika kwenye laana iliyomgandisha Tamlin barakoa usoni kwa miaka 49, Mwalimu alimtetea: “Huyu angalau barakoa yake inaonekana. Wengine huivaa wakati wa uchumba, wakaivua baada ya harusi.” Tulicheka hadi mpishi wetu akachungulia mlangoni.

Tuseme wazi kwamba kitabu hiki kina mambo ya chumbani yasiyofichwa, wala si cha kuwapa watoto. Hata hivyo, mizizi yake ni ya zamani. Ni ndugu wa ngano ya Kifaransa ya msichana na mnyama wa kutisha, iliyoandikwa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve mwaka 1740, kisha ikafupishwa na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756. Mwingereza G. K. Chesterton, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922, aliitaja ngano hiyo katika kitabu chake Orthodoxy cha mwaka 1908. Fundisho alilolichota humo ni kwamba kitu hupaswa kupendwa kwanza, ndipo kiweze kupendeza.

Kisha tulimfikia baba wa msichana huyo, Feyre. Mfanyabiashara huyo alifilisika, wadai wakamvunja mguu, naye akabaki kuketi nyumbani ilhali binti yake mdogo kuliko wote anaingia msituni kuwinda ili familia ile. “Baba gani huyu?” Mwalimu aliuliza kwa hasira. “Yumo ndani ya nyumba, lakini hayupo!” Halafu akanyamaza. Nasi tukanyamaza pamoja naye. Baada ya kitambo akasema taratibu kwamba amejua zaidi habari za binti yake kwa kitabu hiki kuliko kwa maneno aliyozungumza naye mwaka mzima.

Wapendwa, kiini cha riwaya hiyo ni neno moja. Laana ingevunjika kama Feyre angemwambia Tamlin kwamba anampenda. Alimpenda kweli, lakini aliondoka bila kutamka, na muda ukapita. Ilimbidi arudi kulipia ukimya huo kwa mateso makubwa. Hapo hatukuona tena jini wala kichimbakazi. Tuliona nyumba zetu. Ni wazazi wangapi wanaolipa ada, wananunua viatu, wanaamka alfajiri kwa ajili ya watoto, na bado neno lenyewe halijawahi kutoka kinywani? Mtoto hujua kwamba ada imelipwa. Kwamba anapendwa, mara nyingi huachiwa akisie.

Kwa hiyo, mzazi ukikuta kitabu chini ya mto, usikimbilie kiberiti. Kisome, kisha mwombe mwanao akusimulie. Kama lipo la kukanya, utalikanya ukiwa unajua unachokisema, naye atakusikiliza akiwa anajua unampenda, kwa sababu utakuwa umemwambia.