Bato yetu ya zamani iko wapi leo?



Wengi mmetuuliza kwa nini wanawake watano wa ushirika wetu wanaonekana Kalundu kila siku ya nne, wakizunguka mabato yaliyovutwa ufukoni na kuyapapasa kwa mikono kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Wengine wamesema tunataka kununua bato. Feza hizo tungezitoa wapi? Tulikuwa tunatafuta bato moja tu, ile ya chuma iliyotubeba sisi na mama zetu kutoka Uvira mpaka Kalemie, tukarudi na mawese, unga wa muhogo na magunia ya ndagala. Jina lake hatuliandiki. Mwenye nayo leo ni mtu mwingine, anafanya nayo kazi, na jina lenyewe lilikwisha kubadilishwa.

Jambo lilianza na mmoja wetu aliyerudi kutoka Baraka. Alisema amepanda bato mpya, ya rangi ya kijani, yenye orofa mbili za mbao, lakini mlango wa depo yake unafungwa kwa komeo lile lile alilokuwa akilichezea utotoni, lenye alama ya moto upande mmoja. Tulicheka. Halafu mwingine akauliza: kama ni ile ile, chuma kile kina miaka mingapi? Na nani ametazama chini yake? Hapo kicheko kiliisha.

Kila nyumba ya hapa inajua kwa nini. Mwezi wa 12 mwaka 2014 bato Mutambala ilizama katika ziwa letu, ikaua watu zaidi ya 120. Mwezi wa 10 mwaka 2024, kule ziwa Kivu, bato iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Baada ya kila msiba tunasikia neno moja, kwamba watu na mizigo vilizidi. Neno hilo ni la kweli, lakini sisi tulitaka kuuliza jambo la mbele zaidi: bato hii ninayoipanda ilijengwa kwa kazi gani, na nani aliigeuza?

Ziwa hili lina desturi ya zamani ya kuvipa vyombo majina mapya. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walileta mashua mbili za moteri, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa gari la moshi mpaka Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke na ng'ombe, zikateremka Lualaba, zikafika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Mwezi wa 12 mwaka 1915 zilikamata bato ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Ikapewa jina Fifi, ikapigana upande wa wale walioikamata. Bato ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, iliyoharibiwa na Wajerumani mwaka 1914, ilitengenezwa ikarudi majini ikiitwa Vengeur, maana yake Mlipiza kisasi.

Lakini ile inayotugusa sisi ni Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaungwa tena Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani, ila kwanza walipaka mashini zake grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke ulitolewa, moteri za dizeli zikatiwa.

Baadhi yetu tuliipanda. Mwaka 1997, tulipokuwa wakimbizi upande wa Kigoma, HCR iliitumia Liemba kuturudisha nyumbani. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikaleta maelfu ya watu. Tuliketi juu ya vifurushi vyetu, watoto wakitapika, bila kujua kwamba chini ya miguu yetu kulikuwa na chuma kilichokwisha kuzamishwa na kuinuliwa. Na ilitufikisha. Kwa hiyo msidhani tunasema chuma cha zamani ni kibaya. Tofauti ni kwamba Liemba inajulikana: ilijengwa wapi, mwaka gani, ilizama wapi, ilibadilishwa nini. Mabato yetu mengine ni kama watoto ambao hawakuandikishwa.

Tulianza kwa wazee. Tulipata majibu matatu, na kila mzee aliapa. Wa kwanza alisema bato yetu ilizama zamani mbele ya Moba. Wa pili alisema iliuzwa Bujumbura. Wa tatu alisema ilikatwa vipande, na chuma chake kikawa mbabula za kupikia, labda hata zile mnazotumia jikoni. Ofisi moja tuliyokwenda ilituonyesha kitabu cha mabato ambacho kurasa zake zilikuwa zimeshikamana kwa maji. Tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, si nyumba za watu tu zilizoingiliwa.

Aliyetusaidia kweli ni fundi mmoja mzee wa moteri. Macho yake sasa ni mabaya, basi alitufundisha kuisoma bato kwa mikono. Papaseni maungio, alisema. Mkikuta safu za riveti, ile misumari minene yenye vichwa vya duara, mjue ni bato ya siku nyingi, maana baadaye watu waliacha riveti wakaanza kuchomelea. Mkikuta kiraka kilichochomelewa katikati ya riveti, simameni hapo. Moto wa kuchomelea hulegeza riveti za jirani, na maji huanza kuingia tone kwa tone mahali ambapo kiraka kinaonekana kizuri kabisa. Tafuteni matundu manne karibu na mlango wa moteri, ndipo palipokuwa na kibao cha kiwanda kabla hakijang'olewa. Na jina la zamani litafuteni puani, kwa sababu zamani herufi ziliandikwa kwa chuma cha kuchomelea ili mpaka rangi asipoteze mstari. Rangi mpya huzifunika, lakini haiziondoi.

Binti wa mmoja wetu anayeishi Birmingham, mji wa Uingereza wenye mifereji mingi, alipopata habari za kazi yetu alitupigia simu akicheka, kwa sababu kule wapo watu wanaofanya hivyo siku zao za mapumziko. Zamani mifereji hiyo ilipitisha mabato membamba sana, upana wa mita 2 na kidogo tu, urefu mita 21, yakibeba makaa ya mawe. Mume, mke na watoto waliishi katika chumba kidogo nyuma, na mama ndiye mara nyingi alishika usukani huku akipika. Kazi hiyo ilipokufa, mabato yaligeuzwa nyumba au ya matembezi, mengine yakakatwa katikati yakawa mafupi. Lakini sheria ya mwaka 1877 ilikuwa imeamuru kila bato inayokaliwa na watu iandikishwe, na namba yake pamoja na mahali ilipoandikishwa vipakwe ubavuni. Ndiyo sababu mtu wa leo anaweza kusema: bato hii ni ile. Sheria yenyewe ilitungwa kwa ajili ya afya ya familia zilizosongamana ndani. Tulimwambia binti yetu kwamba msongamano na sisi tunao, tunakosa kitabu.

Juma la tatu bato ya kijani ilivutwa ufukoni ili isafishwe tumbo. Tuliomba ruhusa ya kuitazama. Mama mmoja alipitisha kiganja puani, polepole, akasoma herufi moja, ya pili, ya tatu, akafika ya mwisho akaanza kulia. Matundu manne yalikuwepo. Na ubavu wa kushoto ulikuwa na bonde dogo ambalo fundi alitutajia kabla hatujafika: ilijigonga Kalemie, yeye akiwa ndani.

Kidogo kidogo tuliunganisha maisha yake. Ilijengwa kubeba mizigo. Moteri ilipokufa iling'olewa, na kwa miaka mingi bato ilivutwa na nyingine ikiwa imejaa simenti na mchanga. Mwenye nayo wa sasa alipoinunua alitia moteri ya kamyo, akajenga orofa mbili juu kwa ajili ya watu. Hapa wamama sikilizeni vizuri, kwa maana rangi nzuri haisemi jambo hili. Gunia la simenti hukaa chini na halitembei. Mtu hukaa juu, na mvua ikipiga upande mmoja watu wote hukimbilia upande wa pili. Bato iliyojengwa kwa uzito wa chini imewekewa uzito wa juu.

Mwenye bato ni kijana mwenye adabu. Alituuliza: "Wamama, mnataka kununua ama kupanda?" Tulimjibu: "Kupanda, mwanetu. Mwenye kununua atapoteza feza tu." Alinyamaza. Karatasi alizonazo zinaanza kwa yule aliyemuuzia, na yeye mwenyewe alidhani bato yake ni changa. Tulimleta fundi, tukamshika mkono, akagonga tumbo lote kwa nyundo ndogo. Mbele na ubavuni chuma kiliitika kama kengele. Nyuma, chini ya moteri, sauti ilikuwa nzito, kama kugonga muhogo uliooza. Aligonga hapo mara tatu, akarudisha nyundo.

Kijana alisema bila kuficha: kubadilisha vyuma vile ni kuiweka bato nje mwezi mzima, na mwezi mzima bila safari watoto wake watakula nini? Alituuliza kama ushirika unaweza kumkopesha nusu ya gharama, naye atalipa kwa kutubebea mizigo.

Juu ya hilo hatujapatana. Wengine wetu wanasema feza za likelemba si za kutengeneza bato ya mwanaume asiye ndugu yetu. Wengine wanasema bato za mbao tunazozikimbilia hazina usalama zaidi, na hii angalau tunajua mahali inapouma. Kuna waliokasirika kwamba tumegonga kabisa, kwa sababu sasa wanaogopa na bado wanapaswa kusafiri. Wawili wetu walisafiri nayo siku ya posho iliyopita, wakafika salama, wakaketi mbele muda wote. Tulilokubaliana mpaka leo ni moja: mizigo ya ushirika haitapakiwa humo kabla vyuma vya nyuma havijabadilishwa. Kila mama ataamua juu ya mwili wake.

Swali la mkopo litajadiliwa siku ya Mungu ijayo, baada ya ibada. Njoo hata kama umekwisha kuamua, maana kijana atakuwepo na fundi pia, na ni vizuri kuwauliza wenyewe.

Kisha yapo mabato mengine mawili ya chuma ambayo hatujui yalikokwenda. Moja ilikuwa na bomba la moshi jekundu, ikipita Mboko. Nyingine ilibeba ng'ombe. Mwenye tiketi ya zamani, au foto ambayo bato inaonekana nyuma ya watu, hata kama ni foto ya harusi, atuletee. Tutaipiga kopi na kukurudishia siku ile ile.