Kabla hujanunua AC, panda kwanza juu ya paa

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: kama unaishi ghorofa ya juu hapa Eastlands na umeanza kuweka pesa za AC, subiri kidogo. Mimi sikusubiri.

Naishi Umoja Innercore, ghorofa ya 6, na juu yangu hakuna mtu. Nikihamia, keateka aliniambia nina bahati: hakuna mtu wa kukuburutia viti usiku, halafu kodi ya juu iko chini kwa mia tano. Kuhusu Februari alinyamaza. Ile slebu inachomwa na jua kutoka asubuhi hadi jioni, na zege halisahau haraka. Saa tatu usiku, watu wakipita huko chini na masweta, dari yangu bado inatoa joto kama jiko la makaa lililotoka kuepuliwa sufuria.

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video ndani ya hicho chumba kimoja. Feni ina kelele, kwa hivyo nikirekodi lazima niizime. Kuna siku nilirekodi kitu kimoja mara nne kwa sababu jasho lilikuwa linaniingia machoni na nilionekana kama mtu analia.

Ndio nikaona mtandaoni "AC ndogo ya nyumba", elfu nane. Nikalipa. Kilichokuja ni kiboksi chenye feni, tangi la maji na pampu ndogo. Hiyo si AC. AC ya kweli inachota joto la ndani na kulitupa nje. Hiki kinapuliza hewa kwenye maji: maji yakigeuka mvuke yanachukua joto, hewa inapoa kidogo, lakini sasa imejaa unyevu. Kinafanya kazi mahali hewa ni kavu na unyevu una pa kutokea. Chumba changu kina dirisha moja, na linaangalia ukuta wa ploti ya jirani, karibu hivi kwamba naweza kuugusa. Siku ya tatu shuka zilikuwa na ubichi na lenzi ya kamera ikashika ukungu. Binamu yangu wa Mombasa alicheka sana. Huko kwao hewa tayari imebeba maji yake, hicho kiboksi hakingemsaidia hata siku moja.

Nikasema basi, ninunue ile ya kweli. Kabla ya hapo nikakaa chini na kalkuleta. AC ndogo inayokula wati 1,000, ukiiwasha saa 8 umemaliza uniti 8 za stima. Mwezi mzima ni uniti 240. Feni ya wati 50, saa hizo hizo, inakula uniti 12 kwa mwezi.

Na si wingi wa uniti peke yake. Bei ya stima Kenya ina ngazi. Aprili 2023 EPRA ilipobadilisha bei, ngazi ya chini, ambayo zamani ilifika uniti 100 kwa mwezi, ilikatwa ikabaki 30. Bei zenyewe, kabla ya ushuru na makato mengine, zikawa shilingi 12.22 kwa wanaotumia mpaka uniti 30, 16.30 kwa wanaofika 100, na 20.97 ukipita hapo. Ngazi yako inapimwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Ukishapandishwa, si AC peke yake inayolipiwa bei ya juu. Balbu, simu, kompyuta, kila kitu kinapanda na wewe. Ndio unaona mtu amenunua tokeni za pesa zile zile na uniti zimekuja chache, anadhani ameibiwa.

Jumapili moja nikapeleka malalamiko yangu kwa shosho. Yeye alilelea watoto wake Kaloleni, zile nyumba za miaka ya 1940, za chini, paa la vigae, miti nje. Akaniuliza swali moja tu: "Hiyo joto inaingilia wapi?" Nikasema dirishani. Akasema, "Umeenda ukaangalia?"

Nilipanda juu kesho yake saa nane mchana. Niliweka mkono kwenye slebu na nikautoa haraka. Iko nyeusi, imepakwa lami ya kuzuia maji. Yaani tunalala chini ya kikaango, halafu tunanunua stima ya kupigana na joto likishaingia.

Kitu cheupe hurudisha jua, cheusi hulimeza. Huko Ahmedabad, India, baada ya joto kali la 2010 kuua watu wengi, jiji lilitengeneza mpango wa kujikinga na joto, na baadaye likaanza kupaka paa za mitaa ya watu wa chini chokaa nyeupe. Chokaa tu, si mashine.

Nikampigia mwenye ploti. "Kijana, ukiniharibia slebu utailipa wewe." Nilikuwa naanza kukata tamaa, lakini mama wa mlango wa pili akaniomba simu. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili, shingo yote imejaa vipele vya joto, analia mpaka alfajiri. Alimwambia, "Mzee, naomba uje ulale kwangu usiku mmoja tu." Kimya kidogo. Halafu: "Sawa, pakeni. Lakini mimi sitoi kitu."

Nyumba nane za juu tulichanga mia nne mia nne. Tulinunua chokaa, chumvi ya kuisaidia ishike, brashi na glavu. Ukijaribu, funika macho, chokaa inachoma. Tulifagia Jumamosi asubuhi, tukapaka mara mbili.

Kabla ya hapo kipimajoto changu kilikuwa kinasoma 33 ndani, saa kumi na moja jioni. Wiki iliyofuata, na jua kali vile vile, kilisoma 30. Si baridi ya benki, lakini sasa feni inatosha. Halafu nikabadilisha mazoea: asubuhi nafunga pazia kabla jua halijapanda, usiku nafungua dirisha na mlango, nabaki na grili. Nairobi iko juu sana, kama mita 1,700, na hata Februari usiku wake una ubaridi wa bure. Mombasa hawana hiyo. Sisi tunayo na tunaifungia nje.

Mvua za Aprili ziliosha sehemu ya chokaa, kwa hivyo ni kazi ya kila mwaka. Hiyo sikasiriki nayo.

Kilichonikasirisha kilikuja baadaye. Nyumba moja ya juu ilibaki wazi, na keateka akaniambia bei mpya: ile mia tano ya kupunguziwa imetolewa, kwa sababu "huko juu siku hizi ni kupoa." Na sisi tungeongezwa mwezi unaofuata. Tulienda kwa mwenye ploti watu sita, tukamwonyesha meseji za M-Pesa za mchango. Sisi alituacha na kodi ya zamani. Mpangaji mpya analipa mia tano zaidi kwa chokaa tuliyonunua sisi.

Msimamo wangu ni huu. Paa ni la mwenye ploti, na joto la paa lake ni shida yake, kama vile bomba likipasuka. Akienda kuziba maji apake rangi nyeupe, basi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko tokeni za nyumba nane. Mpaka sheria au aibu imfikishe hapo, tutachanga. Lakini wekeni zile meseji.

Wewe wa ghorofa ya juu, paa lenu ni la rangi gani? Kapande kesho saa nane mchana, uguse, halafu uniambie.