Umekuja na Chupa?

Kitale, nchini Kenya, ukitaka soda ya chupa ya kioo ukanywee nyumbani, mwenye duka hakutajii bei kwanza. Anakuuliza, "Umekuja na chupa?" Kama huna, unaacha pesa ya chupa, na utarudishiwa siku utakayoirudisha, mradi aliye kaunta siku hiyo akukumbuke. Vinginevyo unainywa papo hapo, umesimama barazani, naye anakutupia jicho mpaka umalize. Sisi tuliokulia kati ya Kiminini na Chwele tulifundishwa kutunza mazingira hivyo, bila mtu kututajia mazingira. Mtoto aliyetumwa soda ya wageni alishika chupa tupu kwa mkono mmoja na pesa kwa mwingine, na akiivunja njiani hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Hapa Ujerumani utaratibu huo una sheria, mashine na risiti. Tangu tarehe 1 Januari 2003, anayenunua maji, soda au bia iliyotiwa kwenye plastiki au mkebe wa kutumiwa mara moja hutozwa pesa za ziada, ambazo sasa ni senti 25, yaani zaidi ya shilingi 35 za kwetu. Mwaka 2022 juisi nazo ziliingizwa, na 2024 yakafuata maziwa ya chupa za plastiki. Supamaketi zina mashine ukutani yenye tundu la duara. Unatanguliza kitako cha chupa, inazungushwa mpaka mashine ione alama yake, kisha inavutwa ndani na unaisikia ikipondwa. Ukimaliza unabonyeza kitufe, karatasi inatoka, unaipeleka kwa keshia. Zaidi ya chupa 9 kati ya 10 hurudi. Jumamosi foleni huwa ndefu, kila mtu na mfuko wake uliofura, na sijamsikia hata mmoja akizungumzia hali ya dunia. Wamefuata pesa zao.

Wapo pia wanaozikusanya bila kuzinunua: wazee wenye pensheni ndogo, watu wasio na makazi, vijana baada ya mechi. Ndiyo maana utakuta chupa imesimamishwa chini kando ya pipa la takataka badala ya kutupwa ndani. Aliyeiacha hataki mwenzake atie mkono kwenye uchafu.

Mgeni akitoka nyumbani akaiona mashine ile husema, "Wenzetu wameendelea." Mimi huwa namwambia asikilize ule mlio. Chupa ya senti 25 haijazwi tena, inasagwa na kuyeyushwa. Zinazooshwa na kujazwa upya ni nyingine, nyingi zikiwa za kioo, na ajabu ni kwamba hizo ndizo zenye pesa kidogo: senti 8 kwa chupa ya kawaida ya bia, 15 kwa nyingi za maji na soda. Chupa ya soda ya Kitale iko kwenye kundi hilo bora. Ishike uitazame. Begani na tumboni ina mistari miwili myeupe, mahali kioo kilipokwaruzwa kwa kusuguana na chupa nyingine kreti hadi kreti. Mistari ikiwa mipana, basi chupa hiyo imekwenda kiwandani Eldoret au Kisumu na kurudi mara nyingi kuliko nilivyokwenda mimi.

Si chupa tu. Mwaka 2014 lilifunguliwa duka mjini Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, na baadaye mwaka huo jingine Berlin, ambamo bidhaa hazifungwi kwenye pakiti. Unakwenda na mtungi wako, wanaupima ukiwa mtupu, unaujaza dengu au mchele, wanaupima tena. Mengine mengi yamefuata tangu hapo. Bei zake si za mchezo, na wateja wake ni watu waliosoma na wenye nafasi. Nilipomsimulia Senge, dada ya baba, ambaye anauza maharagwe sokoni Chwele, alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa leso.

"Kwani huko hawana gorogoro?"

Gorogoro la Senge ni mkebe wa kilo mbili ambao zamani ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Analijaza mpaka maharagwe yafanye kilima, anakimiminia kikapu cha mteja, kisha anaongeza konzi moja ya mapenzi. Mteja mjanja hulipindua kwanza, kwa sababu wapo wauzaji wanaolibonyeza kitako kuelekea ndani ili lipakie kidogo. Ubishi huo kuhusu kitako ndio ukaguzi wa vipimo tulio nao. Mahindi yanakwenda kwenye posho mill kwa ndoo ya mwenyewe na kurudi unga kwa ndoo ile ile. Mafuta ya kupikia unapimiwa kwenye chupa yako, ya shilingi 20 ukitaka. Maziwa vilevile. Maganda ya ndizi, ambayo hapa yana pipa lake la kahawia na siku yake ya kuchukuliwa, Kiminini hayafiki chini kabla ng'ombe hajayaona.

Kwetu, lakini, mambo haya hayahesabiwi kuwa uungwana. Yanahesabiwa kuwa uhaba. Mtu akianza kupokea mshahara, dalili ya kwanza ni unga wa pakiti jikoni, hata Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ambako mahindi yako nje ya mlango na ambako kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956. Simlaumu. Kupanga foleni kwenye posho mill na ndoo kichwani si jambo la kumpigia mtu makofi akiwa hana njia nyingine. Ila inaniudhi kuona jambo lile lile likipigiwa makofi Berlin.

Kuhusu mifuko, nyumbani tumetangulia, na hili huwa nalitaja mezani hapa bila kuombwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Ujerumani ilingoja hadi Januari 2022. Sikatai kwamba marufuku yetu ina matundu. Uganda iko jirani, mji wa mpakani wa Lwakhakha uko kaunti ya Bungoma kama Chwele, na ile mifuko myembamba imekuwa ikivushwa mpakani miaka yote hii. Hata hivyo, aliyeiona mitaro ya Kitale kabla ya 2017 anajua tofauti.

Mitaro hiyo sasa ina chupa za plastiki. Soda ilipoanza kuuzwa kwenye plastiki, kwa soda hiyo lile swali la dukani lilikufa. Hakuna anayekuuliza chupa, hakuna pesa unayoacha, mtoto anatumwa mikono mitupu. Mvua ya Aprili ikinyesha, chupa zinafuata mtaro, kijito, kisha mto Nzoia.

Lakini chunguza ni zipi zinazofika mtoni. Ya lita mbili huioni mtaroni. Ya lita moja ni nadra. Hizo zina kazi: zinauzwa sokoni zikiwa tupu, zinatiwa maziwa, asali ya Mlima Elgon, mafuta ya taa, sabuni ya maji. Inayotupwa ni ile ndogo ya nusu lita kushuka chini, ambayo haitoshi maziwa ya asubuhi na hakuna anayeinunua. Mtupaji ni yule yule mmoja. Nyumbani ameipanga ile kubwa chini ya meza, na ile ndogo ameirusha dirishani mwa matatu. Kwa hiyo nikisikia semina ya kuwahamasisha wananchi wabadilishe tabia, mimi huuliza kwanza chupa ndogo ina thamani gani.

Hapa Ulaya nako kuna kujidanganya. Mjerumani wa kawaida, pamoja na mapipa yake ya rangi nne, husababisha takriban tani 7 za kaboni dioksaidi kwa mwaka, wakati Mkenya hafiki hata tani moja. Safari yangu moja ya ndege ya kwenda kumsalimia Senge na kurudi inashinda kaboni ya Senge ya mwaka mzima. Kwa hiyo simfundishi mtu wa Chwele jinsi ya kuishi.

Ninachokitamani ni lile swali lirudi, safari hii kwa plastiki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtaka mzalishaji awajibike kwa taka za bidhaa zake, hivyo mlango uko wazi. Nilimweleza binamu yangu mwenye duka Kamukuywa: shilingi 5 kwa kila chupa ndogo, irudishwe popote inapouzwa. Hakupinga. Alianza kuhesabu. Duka lake ni hatua tatu kwa nne, hizo chupa atazilaza wapi? Pesa za kurudishia watu atazitoa droo gani kabla kampuni haijamlipa? Halafu akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: je, watu wakivusha magunia ya chupa kutoka Uganda, ambazo hazikulipiwa hizo shilingi 5?

Mashine ya hapa hutafuta alama kwa sababu hiyo hiyo. Kamukuywa ingebidi alama iwe ya kusomwa kwa macho, na gunia lisimame mahali pa mashine. Lori la soda likishusha kreti zilizojaa huondoka na tupu, na juu ya zile tupu pana nafasi ya magunia. Binamu anataka tu kujua atamdai nani siku dereva akikataa kuyapakia.